Aliyeuona Umande

Fargo, 11 Januari 2024

Mwalimu wangu, Profesa Mozammel Talukdar,

Salaam aleikum. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya Natore haikusumbui sana. Ya huku siielezi, utadhani natia chumvi. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na hata ukiipokea unasikia neno moja katika matano.

Mwalimu, nina shida na sina mwingine wa kumwendea. Unajua nimeomba ukaazi wa kudumu hapa kwa njia ya watu wa utaalamu. Idara ya Uhamiaji haijanikatalia, ila imerudisha jalada na kusema: tumeona makala, tumeona kituo cha utafiti, tumeona kikundi, wewe ulifanya nini hatujaona. Wanataka ushahidi wa kile nilichokifanya mimi Dilruba Khondokar, peke yangu. Mwisho ni tarehe saba Aprili. Mkataba wangu wa chuo unakwisha Juni, na bila ukaazi hawawezi kuuongeza. Mimi, mume wangu Mahfuz na mtoto tutafunga mizigo. Umri wa kuajiriwa serikalini huko nyumbani umeshanipita. Nikirudi, utafiti ndiyo nimeuaga.

Unajua wamenishikia nini? Tasnifu yangu. Afisa amekwenda mpaka ukurasa wa shukurani akanukuu: "Kila kilichomo humu ni matunda ya Mwalimu wangu. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika daftari." Sasa nani kwetu hakuandika hivyo? Ukurasa ule sote tuliunakili kwa waliotutangulia, tukabadilisha majina tu. Wakili wangu, Bi. Halvorsen, aliniuliza kama kweli nilishika daftari tu. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Naomba barua yako. Andika nani alikwenda shambani alfajiri siku arobaini mfululizo. Andika nani aligundua kwamba dengu za safu ya arobaini na moja zilipona ule ugonjwa wa ukungu si kwa kinga iliyomo kwenye mbegu, kama ulivyofundisha wewe, bali kwa sababu majani yake yamesimama wima, umande hauketi juu yake, na ukungu bila maji hauoti. Siku ile ulinicheka, ukasema nimeacha sayansi naandika mashairi. Hata hilo liandike.

Mwanafunzi wako,
Dilruba


Natore, 23 Januari 2024

Binti yangu Dilruba,

Wa aleikum salaam. Barua yako nimesomewa na mkamwana wangu mara mbili, na mara zote mbili nimefurahi kwamba hujanisahau. Kifua hakijambo. Miguu ndiyo imegoma.

Barua yangu imeambatishwa, na sikuibania. Nimeeleza kwamba wewe ni binti wa watu wa heshima, mtiifu, hujapata kuchelewa kazini, hujapata hata siku moja kunijibu kwa sauti ya juu, na kwamba chini ya uongozi wangu kikundi chetu kilipata mafanikio ambayo nchi nzima inayajua. Wakiisoma hiyo watakupa ukaazi na nyumba juu yake.

Kuhusu nani aliona nini, mwanangu, tusianze leo kugawana umande. Kazi ilikuwa yetu sote. Mchuzi ukishaiva, nani anasimama na kusema chumvi ni yangu?

Lakini kama hao wakubwa wako hawakutosheka, usihangaike. Fanya kama wanavyofanya wenzako wote: andika mwenyewe unavyotaka, nitumie, nitatia sahihi. Miaka thelathini na minne ya ualimu sijapata kumnyima mwanafunzi sahihi yangu. Kusoma ndiko siku hizi macho hayataki.

Mkono wangu uko kichwani mwako daima.

Mozammel Talukdar


Fargo, 3 Februari 2024

Rezwan, mdogo wangu wa kituoni, mtoro,

Miaka mitatu kimya. Nasikia kampuni ya mbegu huko Idaho imekupa ofisi yenye dirisha na umeota kitambi. Hongera kwa vyote viwili.

Nakutafuta kwa shida, sikufichi. Uhamiaji wananitaka nithibitishe nilichokifanya mwenyewe pale kituoni. Nilimwomba Mwalimu barua. Alichoniandikia, Bi. Halvorsen alikisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama ni barua ya posa. Mwalimu anasema nijiandikie mwenyewe yeye atie sahihi. Wakili hataki kabisa. Anasema afisa akisoma barua inayosema kwa mdomo wangu atajua. Anataka mtu aliyekuwepo, aseme alichokiona kwa maneno yake.

Aliyekuwepo ni wewe. Ni wewe niliyekuwa nakuamsha kwenye kibanda cha pampu uje unishikie tochi, ukinitukana njia nzima mpaka shambani. Andika hayo. Matusi unaweza kuyaacha.

Naomba pia unisaidie kupata picha za daftari kuu la kituo, kurasa za Februari 2013. Karani wa sasa ni rafiki yako, mimi hanijui.

Kwenye makala jina langu ni la nne, na wewe unajua kwa nini. Mwalimu aliniambia, "Wewe ndiye dada mkubwa, mpishe mdogo wako, anatafuta ufadhili." Nikakupisha. Sikulalamika siku ile na leo silalamiki. Nataka kurasa mbili tu za ukweli.

Dada yako,
Dilruba


Boise, 21 Februari 2024

Dada Dilruba, mama wa dengu zote duniani,

Kitambi nakikiri. Ofisi yenye dirisha nakiri pia, ila dirisha lenyewe linatazama jalala. Usinifikirie mabaya kwa kuchelewa, hapa ni msimu wa kupanga mbegu, hata kula nakula nimesimama.

Karani nimempata. Daftari lipo. Lakini tatizo lake unalijua: mwandiko wote ni wangu. Si ndivyo ulivyokuwa utaratibu? Wewe unaandika shambani kwenye vikaratasi, vimelowa, vina matope. Jioni mimi mwenye mwandiko mzuri nanakili safi kwenye daftari, na chini naweka herufi zangu, R.S. Kila ukurasa R.S. Jina lako limo mara moja tu, siku ulipoomba ruhusa ya homa.

Vikaratasi vyako nimeviulizia. Mwaka ule kituo kilipopakwa rangi, makaratasi yote ya stoo alipewa muuza njugu wa getini. Nusu ya Natore imekula njugu ndani ya umande wako, Dada.

Barua nitakuandikia. Nipe muda kidogo, mwezi ujao nitakuwa nimepumua.

Rezwan


Fargo, 4 Machi 2024

Rezwan,

Mwezi ujao wako umefika. Zimebaki siku thelathini na nne.

Sitaki tena kurasa mbili. Nataka sentensi moja: kwamba uliniona. Daftari likisema R.S., wewe R.S. unaweza kusimama ukaeleza kwamba ulikuwa unanakili. Hakuna mwingine duniani anayeweza kuieleza hiyo alama. Inakushinda nini?

Nimekupigia simu mara nne. Mara zote anapokea mkeo Sumaiya na kuniambia uko bafuni. Mtu akikaa bafuni kiasi hicho aende hospitali.

Huku sina raha. Mkuu wa idara yangu ameanza kuniuliza nani atarithi vitalu vyangu. Anauliza kwa upole, na upole wake ndio unaoniumiza zaidi. Mtoto amesikia, akaniuliza kama Natore kuna theluji. Nikamwambia hakuna. Akasema basi ataenda kufanya nini huko?

Andika.

Dilruba


Boise, 9 Machi 2024

Dada,

Sikuwa bafuni.

Nimeianza barua hii mara sita. Mwaka 2019 nilipoomba ukaazi wangu, nami waliniuliza swali hilo hilo: wewe peke yako ulifanya nini? Nikakaa nikafikiri. Nilinakili. Nilichora michoro. Nilishika tochi. Nani anapewa ukaazi kwa kushika tochi?

Basi niliandika kwamba aliyekwenda shambani alfajiri siku arobaini ni mimi. Safu ya arobaini na moja, majani wima, umande usioketi, vyote niliviandika kuwa vyangu. Nikaambatisha kurasa za daftari zenye R.S. Barua ya Mwalimu niliiandika mwenyewe, nikamtumia, akairudisha na sahihi siku ile ile. Baada ya miezi mitano nikapewa.

Nilijiambia wewe hutaihitaji. Ulikuwa unakuja kwa njia ya chuo, una shahada ya juu, una kichwa kuliko mimi, mlango utajifungulia mwenyewe. Ndivyo nilivyojiambia, na nililala usingizi.

Sasa ukitaka niandike kwamba ni wewe, nitakuwa naapa kwamba niliidanganya serikali. Watanivua ukaazi. Wanangu wawili, mke wangu, kazi, vyote vinaondoka na mimi. Nimemuuliza wakili bila kutaja jina langu, akaniambia nikae kimya.

Kuna jingine, nalo ndilo linalonitisha. Nimeisimulia hadithi ile kazini na mikutanoni mpaka naiona. Najiona nimepiga magoti kwenye matope, natazama jani. Juzi nilimsimulia mwanangu, na sikukumbuka kwamba naongopa mpaka nilipomaliza.

Nisamehe kama unaweza. Barua siwezi.

Rezwan


Fargo, 10 Machi 2024

Mwalimu,

Umeandika kwamba sijapata kukujibu kwa sauti ya juu. Leo nakujibu.

Mwaka 2019 Rezwan alikuletea barua. Ilisema safu ya arobaini na moja aliigundua yeye. Ulitia sahihi. Nakuuliza kitu kimoja: uliisoma?

Kwetu sahihi ya mwalimu ni kama dua. Mwanafunzi anainama, mwalimu anamwekea mkono kichwani, hakuna anayeuliza ameomba nini. Hata mimi nililelewa hivyo na niliona ni wema. Lakini huku, Mwalimu, sahihi husomwa. Kuna mtu ameajiriwa kuisoma. Ulipoweka mkono kichwani mwa Rezwan ulinivua mimi, na hukujua hata kama nimebaki uchi.

Nilikupenda kuliko baba zangu wadogo wote. Uliponiambia nimpishe Rezwan kwenye makala, nilimpisha kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Uliponicheka shambani sikukasirika. Nilirudi kesho yake na keshokutwa mpaka ukaacha kucheka. Ukaja mwenyewe na mwavuli wako, ukainama, ukatazama, ukasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu. Mimi nimeishi nalo miaka kumi na mmoja.

Nimebakiwa na siku ishirini na nane. Sitaki uandike kwamba mimi ni mtiifu. Andika kilichotokea.

Dilruba


Natore, 25 Machi 2024

Binti yangu,

Sikuisoma.

Mkamwana wangu aliniambia, "Baba, barua ya Rezwan," nikauliza kalamu iko wapi. Ndivyo ilivyokuwa. Kama angeandika kwamba yeye ndiye aliyeumba umande, ningetia sahihi nikarudi kwenye chai yangu.

Ulipoleta barua yako ya hasira sikutaka isomwe na mtu mwingine. Nimeisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, asubuhi nzima. Kisha nilimwambia mwanangu anipeleke kwa hakimu na miguu hii. Nimeapa. Hati ya kiapo imo ndani ya bahasha hii, nami nanukuu hapa ili ujue haijaandikwa na mtu mwingine:

"Mimi, Mozammel Talukdar, profesa mstaafu, naapa kwamba Dilruba Khondokar, peke yake, bila kuagizwa na mtu na huku akichekwa nami, ndiye aliyegundua kwa nini dengu za safu ya arobaini na moja hazikuugua. Jina langu limekaa mbele kwenye makala kwa sababu ya cheo changu. Barua niliyotia sahihi mwaka 2019 kumpa Rezwan Sikder ugunduzi huo ilikuwa ya uongo, nami sikuisoma."

Karani wa hakimu aliniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nikamwambia ndiyo, mwanafunzi wangu, na amechelewa sana kunilazimisha.

Rezwan nimempigia simu nikamweleza. Sikutaka limkute kwa nyuma. Alilia, na mimi nikajifanya sisikii.

Naona aibu, mwanangu. Sijui niandike nini kingine.

Mozammel Talukdar


Boise, 30 Machi 2024

Dada,

Mwalimu ameniambia. Najua hati iko njiani au umeshaipata.

Sina haki ya kuomba na naomba. Mkubwa wangu ana miaka saba, anasoma, anajua kiapo cha bendera ya hapa kwa moyo, na Kibangla anakizungumza kama mgeni. Sumaiya ana mimba ya miezi mitano. Siku za khichuri, ule wali wa dengu, pale kituoni ulikuwa unaniachia yai lako, ukisema huli mayai. Nilikuja kujua baadaye kwamba unakula.

Dada, utaipeleka?

Rezwan


Fargo, 22 Mei 2024

Mwalimu wangu,

Salaam aleikum. Ombi langu limekataliwa. Jibu lilikuja Jumatatu, kurasa nne. Wanasema kazi ni ya maana na kikundi ni cha maana, ila mchango wa mwombaji hautenganishwi na wa wenzake.

Kiapo chako hakikuwemo kwenye jalada. Utaniuliza kwa nini baada ya taabu yote ile. Bi. Halvorsen alikisoma kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hii inathibitisha jambo moja tu, kwamba huyu mzee hutia sahihi chochote." Hakusema kwa dharau. Alieleza kwamba serikali ina barua yako ya kwanza, ina daftari lenye herufi za mtu mwingine, na mtu aliyekiri kuweka sahihi kwenye uongo, sahihi yake ya pili haina uzito. Badala yake tulipeleka barua za watu wa hapa wanaonijua kwa kazi ya miaka hii, nao hawakuwahi kuiona Natore.

Nilitaka kumwambia kwamba hii umeiandika kwa mkono wako, baada ya kuisoma barua yangu kwa kioo asubuhi nzima. Nikafikiri nitalithibitishaje hilo, nikakikunja kiapo nikaondoka nacho.

Tunaondoka tarehe ishirini na nane Juni. Vitalu vyangu nimemkabidhi mama mmoja kutoka Peru, mwangalifu. Mahfuz ameanza kugawa vyombo. Mtoto hasemi na mimi.

Kiapo ninacho, na usiku na mchana nakijua kilivyo, neno kwa neno. Kwa miaka kumi na mmoja nilitaka mtu mmoja aandike maneno yale. Umeyaandika, na ni kweli, na hayafai kitu.

Usije Dhaka kunipokea uwanjani. Sitajua nikusalimie vipi.

Dilruba


Boise, 29 Mei 2024

Dada yangu,

Mwalimu ameniambia mambo mawili: kwamba umekataliwa, na kwamba hukuipeleka hati. La kwanza limeniuma. La pili nimemwambia Sumaiya, amelia mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto tumboni. Mama yangu amefunga siku tatu kukuombea bila kujua sababu yenyewe. Moyo kama wako, Dada, sijauona kwa mtu. Tukipata binti ataitwa Dilruba.

Nataka nifanye kitu. Kampuni yetu inafungua tawi Dhaka mwezi wa tisa, wanahitaji mtu wa shambani. Si kazi ya utafiti, ni kusimamia majaribio ya mbegu, lakini ni kazi. Nikikupendekeza watakuchukua. Nitaandika kwamba Natore ulikuwa msaidizi wangu hodari. Najua lilivyo. Ndilo pekee ninaloweza kuandika lisigongane na yaliyomo kwenye jalada langu.

Nijibu, tafadhali.

Rezwan


Fargo, 1 Juni 2024

Rezwan,

Usinishukuru, na binti yako mpe jina jingine.

Hati ilipofika nilikuwa nimeshaisoma barua yako. Nilikuwa nimesoma habari ya mwanao wa miaka saba, na mimba, na yai. Niliichukua hati hiyo asubuhi ile ile nikaenda nayo kwa Bi. Halvorsen, nikaiweka mezani kwake nikamwambia ipeleke. Nilimweleza na wewe ni nani, unaishi wapi na nini kitakupata. Ni yeye aliyesema haitanisaidia. Nilimuuliza mara tatu, kwa namna tatu, kama haiwezi kunisaidia hata kidogo. Angesema kidogo, leo ungekuwa unafunga mizigo wewe.

Barua ya msaidizi iandike. Nina mtoto, na Septemba si mbali.

Dilruba Khondokar